Kiuno na Pikipiki: Namna Ninavyoutunza Mgongo Barabarani Mombasa

Kwa miaka mingi riziki yangu imekuwa juu ya pikipiki. Nasambaza mizigo ya maduka kutoka kisiwani hadi Bamburi, Shanzu na Mtwapa, siku nyingine navuka feri kwenda Likoni, na kiuno changu kimeuma kwa sehemu kubwa ya muda huo. Bado naendesha, na kiuno bado kina siku zake, lakini hakijaniondoa kazini. Naandika haya kwa sababu kwenye steji zetu ushauri unaotolewa kuhusu mgongo karibu wote unahusu usiku: mafuta ya kuchua, kidonge, hijama (kuumikwa), kulala sakafuni. Mimi naamini kwamba kazi kubwa ya kuutunza mgongo hufanyika mchana, mtu akiwa ameketi juu ya kiti cha pikipiki na mikono iko kwenye usukani, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuieleza kwa urefu.

Kwanza tuelewe kinachouma. Sehemu ya chini ya uti wa mgongo ina pingili tano kubwa, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu ambacho hupokea uzito na kuizuia mifupa isigongane. Kwa mtu mzima visahani hivyo karibu havina mishipa ya damu. Lishe na maji huingia na kutoka ndani yake kadiri mwili unavyojongea, vikikandamizwa na kuachiliwa. Anayekaa namna moja kwa saa nzima huvinyima mwendo huo, na akikaa huku kiuno kimejikunja, uzito huelemea upande wa mbele wa visahani na kuvisukuma kuelekea nyuma, ambako ndiko zinakopita neva za miguuni. Kwenye pikipiki huongezeka mtikiso. Kiwiliwili cha mtu aliyeketi huitikia zaidi mitikiso ya polepole, ya mara 4 hadi 6 hivi kwa sekunde, nayo ndiyo mitikiso inayotoka barabarani kupitia magurudumu na kiti. Mtetemo wa injini ni wa kasi zaidi, na aghalabu huishia kuwa ganzi mikononi. Kila tikiso moja huilazimisha misuli midogo inayoshika pingili ikaze, na ikishachoka, uzito iliokuwa ikiubeba huhamia kwenye visahani na viungo vya uti. Umoja wa Ulaya uliona jambo hili ni zito kiasi cha kuweka kanuni mwaka 2002 inayowabana waajiri kuhusu kiasi cha mtikiso ambacho mfanyakazi anaweza kupokea kwa siku ya saa 8. Kijana wa bodaboda anayejiajiri mwenyewe hana wa kumpimia, kwa hiyo hana budi kujipimia.

Anayeijua barabara ya kutoka Buxton kwenda Mtwapa hahitaji maelezo marefu. Tangu upanuzi wa barabara hiyo uanze, tumepita kwenye michepuko ya vumbi, kingo za lami zilizokatwa, na matuta yasiyo na alama. Mtaa wenye kabro, yaani matofali ya saruji yaliyopangwa, nao una mtetemo wake mfupi usiokoma, na mwenye kiuno kibovu huutambua mara moja.

Mtu wa kwanza kunifungua macho alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya umma hapa mjini, mama wa makamo, mpole lakini asiyekubali jibu la juujuu. Badala ya kunilaza kitandani alitoka nami nje hadi nilipoegesha pikipiki.

“Hebu keti, kaka,” aliniambia. “Keti unavyoketi barabarani, siyo unavyoketi mbele yangu.”

Nikaketi. Akapiga magoti ubavuni mwangu, akaweka kiganja juu ya mfupa wa nyonga, kingine juu ya mkanda wa suruali, akaniuliza, “Unaona nyonga yako imelala kwa nyuma?”

“Naona, daktari. Lakini kiti chenyewe ndicho kinachoniteremsha.”

“Basi tuanze na kiti.”

Kiti ndicho mwanzo, kweli. Sponji la kiti cha pikipiki ya kawaida huliwa katikati kadiri miaka inavyopita, na mahali palipoliwa huwa bonde linalomsukuma mtu mbele kwenye tangi, magoti yakapanda juu ya nyonga, na kiuno kikajikunja bila mwenyewe kutaka. Fundi wa viti anaweza kukifungua, kutoa sponji lililochoka na kuweka jingine gumu kiasi, lililosawazishwa juu. Wengi huomba sponji laini wakidhani ndiyo raha, kumbe laini huzama mara moja na kurudisha bonde lilelile. Jaribio langu ni rahisi: nikiketi na kuachia usukani pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi ya kati, mwili unatakiwa ubaki pale ulipo bila kuteleza mbele. Ukiteleza, kiti bado hakijakaa sawa.

Baada ya kiti huja usukani. Viwiko vinatakiwa vipinde kidogo, na mabega yashuke. Anayelazimika kunyoosha mikono kabisa ili afike kwenye klachi na breki huuvuta mgongo wake mbele siku nzima, na tatizo hilo huwapata sana wenye mikono mifupi na wale waliosogezwa nyuma na kiti kipya. Kwenye pikipiki nyingi za kazi usukani hushikwa na nati chache tu, na fundi akizilegeza anaweza kuuzungusha uje karibu kwa upana wa kidole au viwili. Baada ya hapo ni lazima ugeuzwe kulia na kushoto hadi mwisho, kuhakikisha kwamba waya za klachi, breki na mafuta hazivutiki, na nati zikazwe vizuri. Usukani unaozunguka barabarani si jambo la kufanyia majaribio. Vishikio vya breki na klachi navyo hugeuzwa ili vidole vivifikie bila mkono kukunjika.

Kuhusu springi za nyuma nitasema kwa kirefu, maana hapa ndipo ninapoona mateso mengi ya bure. Kwenye springi za pikipiki nyingi tunazotumia kuna pete yenye meno ambayo fundi huizungusha kwa ufunguo wake, na kila jino huikaza springi zaidi. Vijana wa bodaboda huikaza hadi mwisho kwa sababu ya mizigo na abiria, kisha huiacha hivyo hata wanapozunguka peke yao. Springi iliyokazwa kwa ajili ya watu wawili na gunia, ikibebeshwa mtu mmoja mwembamba, haibonyei inavyostahili, na kila shimo humfikia mgongoni likiwa zima. Iliyolegea kupita kiasi nayo hugonga chini kwenye tuta kubwa, na pigo hilo moja linaweza kumlaza mtu siku mbili. Fundi wangu wa Kongowea, mzee aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana, aliinama akaisukuma pikipiki chini mara kadhaa kwa viganja, akasikiliza, akanitazama.

“Hii imefungwa kwa ajili ya mizigo, mwanangu. Wewe leo umekuja mtupu.”

“Kesho nabeba, mzee.”

“Basi kesho ikaze. Ni dakika mbili.”

Nimeushika ushauri wake. Ufunguo wa pete naubeba chini ya kiti, na siku za mizigo naongeza jino moja au mawili, pande zote mbili kwa kiasi kilekile, kisha narudisha.

Upepo wa magurudumu unafuata mantiki hiyohiyo. Wapo wanaoujaza mno kwa kuamini kwamba mafuta yatatumika kidogo na pancha zitapungua, na matokeo yake ni gurudumu gumu linalopitisha kila kokoto. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko, na mara nyingi hutofautisha kati ya mtu mmoja na wawili. Kipimwe alfajiri kabla ya kutoka, kwa sababu lami yetu ikishapata jua, gurudumu hupata moto na kipimo hupanda.

Pikipiki ikishakaa sawa, hubaki mwendeshaji. Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuyapita matuta na mashimo nikiwa nimenyanyuka kidogo kwenye kiti, uzito ukiwa miguuni, magoti yamekunjwa na kulibana tangi. Hakuna haja ya kusimama wima. Kuachana na kiti kwa kiasi cha kiganja kunatosha, na miguu huwa springi ya tatu. Anayekanyagia kwa kisigino hawezi kufanya hivyo vizuri, kwa hiyo sehemu pana ya mbele ya wayo ikae juu ya kikanyagio. Na kwa kuwa tuta halionekani mapema usiku, mwendo mdogo ni sehemu ya tiba.

Upepo nao una mchango wake. Kwenye Daraja la Nyali, hasa msimu wa kusi, pikipiki husukumwa kutoka upande mmoja, na mtu huukamata usukani kwa nguvu zote, mabega yakapanda hadi masikioni. Nguvu hiyo haiishii mkononi. Huteremka hadi kiunoni na kubaki huko hata daraja likishapitwa. Mimi hulibana tangi kwa magoti, nikalegeza vidole, nikashusha mabega na kutoa pumzi ndefu. Nimewafundisha wenzangu hivyo na wengi wamekiri kwamba shingo zimepata nafuu.

Kwa wanaobeba abiria kuna tatizo la pekee. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja, lakini tunawaona watatu, na aliye usukanini amepanda juu ya tangi, magoti kifuani, kiuno kimekunjika kabisa. Mkao huo ni hatari kwa kila aliye juu ya pikipiki, na kwa mgongo hauna utetezi. Hata abiria mmoja ana la kufanya: ashike chuma cha nyuma au akae karibu bila kumvuta mwendeshaji mabega, kwa sababu kila breki inapokamatwa uzito wake wote humjia aliye mbele. Ni haki ya mwendeshaji kumwambia kwa adabu, “Mama, nishikie hapo nyuma,” kabla ya kuondoka.

Mizigo ikae kwenye keria, ifungwe chini na karibu na mwili. Begi zito la mgongoni huongeza uzito juu ya pingili zilezile zinazotikiswa; akilazimika kulibeba, mtu alegeze kamba hadi kitako cha begi kikae juu ya kiti. Mtungi wa gesi wa kilo 13, ukiujumlisha na chuma chake, unakaribia mara mbili ya uzito huo, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mara tu baada ya mwendo mrefu, misuli imechoka na kano za mgongo zimelegea kwa kukaa zimevutika, kwa hiyo kuushusha mtungi na kuupandisha ngazi dakika ileile ni kuuomba mgongo kazi ngumu wakati haujajiandaa. Nikifika kwa mteja nashuka, natembea kidogo, naunyoosha mwili kwa nyuma viganja vikiwa kiunoni, ndipo naushika mzigo. Wateja wamenizoea.

Mapumziko madogo ya namna hiyo yana thamani kuliko pumziko moja refu la jioni. Kwenye foleni ya feri pale Likoni sioni sababu ya kubaki juu ya kiti; nashuka, nasukuma, najinyoosha. Anayeshika swala tano naye ana nafasi iliyopangwa ya kushuka, kutembea hadi msikitini na kuugeuza mwili, na ameandaliwa wasaa ambao wengine wanautafuta. Asiye na sababu hiyo ajitafutie nyingine, mradi saa isipite akiwa ameketi tu.

Kuna mambo madogo ambayo nayapitia haraka. Pochi nene kwenye mfuko wa nyuma huinua nyonga moja na inaweza kubana neva ya mguu, kwa hiyo ihamie mbele. Kuipandisha pikipiki yenye zaidi ya kilo 100 kwenye stendi ya kati kunahitaji uzito wa mwili juu ya mguu unaokanyaga stendi. Mikono inaongoza tu, mgongo hauvuti. Na kuosha pikipiki alfajiri kwa kuinama si vizuri, kwa sababu visahani vya uti hunywa maji usiku na asubuhi huwa vimejaa, na saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo saa ambayo kuinama huvisumbua zaidi. Oshea jioni, au keti kwenye kigoda.

Sasa niseme kuhusu dawa, maana hapa naona watu wakiumia. Vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki hupunguza uchungu na havina ubaya vikitumika kwa siku chache kwa maelekezo, lakini kuvimeza kila siku hudhuru tumbo na figo, na figo za mtu anayeshinda juani Mombasa bila kunywa maji huwa tayari zimeelemewa. Muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, nao humwondolea mtu uchovu, naye akabaki juu ya kiti saa ambazo mgongo umeshaomba kushuka. Sihukumu anayetafuna, ila namwomba aelewe kwamba uchovu uliofichwa haujaondoka. Kuchuliwa ni raha na hulegeza misuli kwa muda. Mkanda mpana wa kiuno ambao wengi huununua kwa bei kubwa haumo katika mapendekezo: mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, likapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na likashauri mikanda hiyo pamoja na kuvutwa uti visiwe tiba ya kawaida. Kulala kitandani siku nyingi pia hakufai. Tangu miaka ya 1980 utafiti umeonyesha kwamba siku mbili za kulala hazina upungufu wowote mbele ya siku saba, na mwenye kuendelea na shughuli nyepesi hupona vyema zaidi.

Vilevile watu wengi wa pwani wakisikia kiuno kinauma husema ni figo. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, hayabadiliki mtu akigeuka, na huweza kuja na homa au mkojo unaochoma. Maumivu ya mgongo huongezeka na kupungua kufuatana na mkao. Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujizuia, choo kadhalika, au miguu kupoteza nguvu. Hizo ni dalili za neva kubanwa vibaya chini ya uti, na mwenye nazo aende hospitali kubwa saa ileile. Maumivu baada ya ajali, maumivu yanayoamsha usiku pamoja na homa, au kukonda bila sababu pia yanahitaji daktari mapema, na hapa Pwani tusisahau kwamba kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye uti.

Kwa siku za kawaida nina mazoezi matatu ninayoyafanya juu ya mkeka, ambayo Stuart McGill, profesa wa Canada aliyeutafiti uti kwa miongo mingi, aliyafanya yajulikane. La kwanza ni kupiga magoti na kushika chini kwa mikono, kisha kunyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto na kubadilisha. La pili ni kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, magoti yakiwa yamekunjwa kwa anayeanza. La tatu ni kulala chali, goti moja likiwa limekunjwa, viganja chini ya kiuno, na kuinua kichwa na mabega kidogo tu. Kila mkao hushikwa kama sekunde 10 bila kuzuia pumzi. Yanajenga ustahimilivu, ambao ndio misuli ya mwendesha pikipiki inaouhitaji.

Na kutembea. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno: waliofuata mpango wa kutembea walikaa kwa kawaida siku 208 kabla ya maumivu kurudi, na wasiofuata walikaa siku 112. Hakuna kifaa cha kununua, na kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina jioni kuna nafasi ya kutosha na upepo wa bahari.

Najua kwamba mwenye kulipa mkopo wa pikipiki kila siku, au anayeendesha ya mtu na kupeleka hesabu jioni, haambiwi kirahisi apunguze saa za kazi. Vijana wawili wa steji moja ya Kiembeni, wote wenye matatizo ya kiuno, walimwendea mwenye pikipiki wakamweleza ukweli, wakakubaliana kuendesha pikipiki moja kwa zamu: mmoja kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, mwingine kuanzia alasiri hadi usiku, na ambaye kiuno kimemzidi siku hiyo hubeba abiria wa karibu peke yake na kumwachia mwenzake mizigo. Mwenye pikipiki alikubali kwa kuwa hesabu yake inafika ileile. Sharti aliloongeza ni kwamba pete za springi zirudishwe kila zamu inapobadilika, kwa sababu mmoja wao ni mnene na mwenzake ni mwembamba.